Picha ya Kumwinua Mama Sakafuni

Annonciata hakuwa mbaya wa sura, asikudanganye mtu. Alikuwa na shingo ndefu na macho makubwa, na alipocheka, majirani zake wote pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, walijua nani anacheka bila kuchungulia dirishani. Wanawake waliomletea vitambaa awashonee walibaki kwenye benchi lake hata baada ya kupimwa, kwa raha tu ya kumsikiliza. Lakini mwelekezee kamera uone. Papo hapo mabega yalipanda, shingo ikazama, macho yakamtoka, na mdomo ukabanwa mithili ya mlango wa duka siku ya msiba. Na mikono ndiyo iliyokuwa kioja. Ilipanda yenyewe hadi kifuani, vidole vimejikunja, ikashika kitu ambacho hakikuwepo.

"Mama, mu photo zote unafanana na mwizi wa kuku," binti yake Merveille alikuwa akimwambia. Merveille alikuwa na miaka kumi na tisa, umri wa kusema lolote.

Walicheka wote wawili na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyejiuliza mikono ile inashika nini, hata mwenye mikono. Ukweli ni kwamba Annonciata alipigwa picha za furaha mara mbili tu maishani, zote akiwa msichana. Nyingine karibu zote zilikuwa za faili. Alipokimbia Bukavu mwaka tisini na nane na kufika Kigoma, alisimamishwa ukutani, akapewa kibao cheusi kilichoandikwa namba kwa chaki. Shika hapa. Pandisha kidogo. Usicheke. Tazama mbele. Alipoingia Malawi, pale Karonga, kibao kingine. Alipofika Dzaleka, kibao kingine tena, na kila walipohesabiwa upya, kibao. Kwa miaka kumi na tatu kamera ilikuwa imemwambia neno moja tu, na mwili wake ukalishika. Kibao kiliondoka, mikono ikabaki pale pale.

Hayo yangeendelea kuwa mzaha wa nyumbani, kama si simu ya Bienvenu.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka elfu mbili na kumi na moja. Annonciata alikuwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule, na mguu wake haukuacha kukanyaga hata alipobana simu kati ya sikio na bega. Bienvenu ni mtoto wa kaka yake. Ndiye aliyeishi Bukavu, mtaa wa Kadutu, na bibi kizee Ernestine, mama mzazi wa Annonciata, ambaye yeye alimwita Koko.

"Tantine," alisema Bienvenu, "Koko amekatala kitanda."

"Amekatala kitanda namna gani?"

"Analala chini. Ku sakafu, ku sima. Siku kumi na mbili sasa."

Mguu ukaacha kukanyaga.

Bienvenu akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Annonciata alivyozidi kukosa pa kushika. Wakati wa Noeli Annonciata alikuwa amemtumia mama yake picha. Siku hiyo pazia la mpiga picha lilikuwa limefuliwa halijakauka, kwa hiyo alipigwa mbele ya ukuta mtupu. Bienvenu aliipokea kwenye kompyuta ya mtu, akaichapisha, akaitia fremu ya mbao, akaitundika. Mama Ernestine alikuwa akiitazama kila siku bila kusema neno. Kisha akaja mgeni kuwasalimia, mzee mmoja aliyewahi kufanya biashara Malawi. Akauliza binti yuko wapi siku hizi. Akaambiwa, Dzaleka. "Dzaleka?" akashangaa mgeni. "Ile si njo ilikuwaga prison?"

Hakudanganya, maskini. Zamani, wakati wa serikali ya kwanza, Dzaleka ilikuwa gereza kweli, na kila mtu kambini anajua. Mgeni alisema ya zamani. Bibi kizee akasikia ya leo. Akageuka kuitazama picha ukutani. Ukuta nyuma ya mwanawe. Mwanawe wima, hacheki, mikono kifuani. Basi, kila kitu kikajieleza.

"Tangu siku ile ametandika mukeka chini," alisema Bienvenu. "Anasema, mtoto yangu analala chini, mi nilale ku kitanda? Tantine, unajua kifua chake. Mvua haiachi huku. Daktari amesema ile sima itamumaliza."

"Muletee simu. Nitamuambia mwenyewe."

Akaletewa. Annonciata alisikia kikohozi kwanza, kile kikohozi alichokijua tangu utotoni, sasa kimeota mizizi.

"Mama, siko mu prison! Niko huru. Niko nashona. Niko na nyumba, niko na kitanda."

"Najua, mtoto yangu," alijibu mama yake kwa sauti ya upole iliyomkata maini. "Najua banakuambia useme vile. Sema tu vile banataka, basikupige."

"Hakuna mtu hapa, Mama! Niko peke yangu!"

"Ndiyo. Sema vile. Vumilia, Nonsi. Na mi navumilia."

Simu ikakatika. Annonciata akakaa na sare ya mtoto wa watu mapajani, analia bila kujificha, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaondoka taratibu wakisema watarudi kesho. Ni uchungu wa aina yake huo, kuteswa na upendo wa mtu ambaye anajitesa kwa ajili yako, halafu huwezi kumkaripia.

Merveille ndiye aliyesema lililokuwa wazi. "Sauti hataamini. Aliona photo, basi ni photo tu itamutosha. Tutume moja yenye unacheka."

"Mi sijuagi kucheka mu photo."

"Utajua," alisema Merveille. "Sasa utajua."

Wakaenda kwa Narcisse.

Narcisse alikuwa mpiga picha wa Dzaleka, mtu wa Uvira, mwembamba, mwenye maneno mengi na subira nyingi zaidi. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la jumba la ghorofa na ngazi nyeupe, maua ya plastiki, na koti moja la buluu. Koti hilo lilikuwa maarufu. Wanaume wa Dzaleka, wanene kwa wembamba, wote walipigwa picha wamelivaa, na picha hizo zikasafiri hadi Kanada na Australia, na wake wakapatikana kwa ajili ya koti hilo. Alipoambiwa habari ya Mama Ernestine, Narcisse hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika kichwa.

"Photo ile ni mi niliipiga," alisema. "Mama Merveille, nisamehe."

"Hukufanya vibaya. Ni mi niko vile."

"Hapana. Hakuna mtu iko vile."

Akaanza kumfundisha, maana alikuwa na shule yake. Usisimame kwa miguu yote miwili, weka uzito kwenye mmoja. Geuza bega kidogo, usiikabili kamera mzimamzima kama unayetaka kupigana nayo. Teremsha kidevu. Toa pumzi, mimi nitapiga pumzi ikiisha. Tazama juu ya bega langu, fikiria mtu unayempenda anaingia mlangoni. Annonciata alifuata kila neno kwa bidii ya mwanafunzi anayeogopa kufeli. Uzito mguu mmoja, bega upande, kidevu chini, pumzi nje. Narcisse akanyanyua kamera, na mikono ikapanda kifuani.

Wakajaribu na simu sikioni. Wakajaribu ameketi kwenye kiti, mguu juu ya mguu. Wakaleta hata cherehani kutoka nyumbani, akapigwa akishona. Merveille alizikagua zote kwenye kioo kidogo cha kamera, akatingisha kichwa.

"Hii ya simu, anafanana na mtu anayeambiwa habari ya kifo. Hii ya kiti, iko anangojea juge amuhukumu. Na hii ya mashine..." Akasita. "Hii sasa ni prison ya kazi ngumu."

Kulikuwa na jambo lingine, ambalo Annonciata hakupenda kulisema. Upande wa kushoto wa meno ya juu palikuwa na pengo. Lori lililowaleta lilifunga breki ghafla njiani Karonga, mdomo wake ukagonga chuma, na jino likabaki huko huko. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki Kigoma, Merveille alikuwa mdogo, hapakuwa na wa kumwonyesha. Tangu siku hiyo alicheka kwa kiganja mdomoni. Kicheko kilisikika, hakikuonekana. Na alipokuwa msichana ndiye aliyecheka kuliko wote pale Kadutu, kichwa nyuma, kinywa wazi hadi koromeo, mama yake akimfokea mbele za wageni: "Nonsi! Funga kinywa, bantu batahesabu meno yako!"

Siku mbili zikapita. Bienvenu akatuma ujumbe: Koko amekohoa asubuhi nzima, bado yuko chini.

Narcisse akaja mwenyewe nyumbani na wazo. "Shida ni hapa," alisema. "Hapa kila ukuta unasema Dzaleka. Twende Lilongwe. Twende Capital Hill, ku zile nyumba kubwa, na bustani, na magari ya bakubwa. Nani aliona mufungwa anatembea Capital Hill?"

Wazo lilikuwa zuri, kwa kulisema. Wakaomba ruhusa ya kutoka, na Alhamisi asubuhi wakaondoka wawili, Merveille akabaki kungoja wateja. Annonciata alivaa kitenge chake cha ndege wa manjano, alichojishonea Pasaka, na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo. Alipendeza, na njia nzima Narcisse alimwambia hivyo, lakini alimwambia mara nyingi mno.

Huko walipata walichokitafuta. Barabara pana, nyasi zilizokatwa, watu wa ofisini wenye vitambulisho shingoni wakishuka kwenye magari. Narcisse akachagua mahali mbele ya jengo moja lenye vioo vya buluu, lililotazamana na kilima cha wizara. Akamsimamisha karibu na maua. Uzito mguu mmoja. Bega upande. Pumzi nje.

Ndipo mlinzi akaja.

Alikuwa mtu mzima, kitambi mbele, sare imepigwa pasi, kofia ya kaki yenye nembo. Alikuja kwa haraka ya mtu anayetaka kuuliza kitu, akaingia moja kwa moja kwenye picha. Annonciata aliiona sare. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini alijikuta amesimama wima, visigino pamoja, macho mbele, mikono kifuani. Na Narcisse, ambaye kidole chake kilikuwa tayari, akabonyeza.

Wakaitazama picha. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Sasa mfungwa alikuwa na askari wake kabisa.

"Bora turudi nyumbani," alisema Annonciata. Akaketi kwenye ukingo wa bustani, kitenge chake cha Pasaka kwenye vumbi, akafunika uso. "Mama atakufa juu ya uso wangu. Uso wangu njo utamuua."

Mlinzi akababaika. Alikuwa amekuja tu kuwaambia kwamba hapo kwenye maua pamemwagiliwa maji, mama ataharibu viatu. Akauliza kwa Kichewa kuna nini, amemkosea nini huyu mama. Narcisse akamweleza, kwa Kichewa cha sokoni na mikono mingi: Bukavu, bibi kizee, picha ukutani, gereza, sakafu ya saruji. Mlinzi, aliyeitwa Bambo, yaani Bwana, Kachingwe, alisikiliza hadi mwisho. Alipoelewa kwamba bibi kizee analala chini kwa sababu ya mwanawe, alivua kofia kama mtu aliyeingia msibani.

"Mama yangu naye yuko Nkhotakota," alisema. "Naye angefanya hivyo hivyo. Hebu niione hiyo picha."

Narcisse akamwonyesha. Bambo Kachingwe akaitazama kwa muda mrefu, akamtazama Annonciata, akaitazama tena.

"Mayi," aliuliza kwa upole, akimwita mama kwa Kichewa, "hapa umeshika nini?"

"Nimeshika nini wapi?"

"Hapa. Kifuani."

Annonciata hakumwelewa. Basi Bambo Kachingwe, ili aeleweke, akafanya. Akabana visigino. Akapandisha mabega hadi masikioni. Akatoa macho. Akanyanyua mikono yake minene hadi kifuani, vidole vimejikunja, akasimama hivyo mbele ya jengo la vioo, na kitambi chake, na sare yake ya pasi, mtu mwenye hatia ya kila kosa duniani.

Na Annonciata akakiona. Akakiona kibao. Aliona chaki, aliona namba, alisikia sauti ya Kigoma ikisema pandisha kidogo, ya Karonga, ya Dzaleka. Miaka kumi na tatu alikuwa amekibeba, na wala hakuwa na habari.

"Kibao," alisema polepole. "Narcisse, ni kibao! Ya namba! Mi nakishika tu mpaka leo!"

Narcisse akaiteremsha kamera. Alikumbuka picha zote alizopiga Dzaleka, za waume na wake, wenye koti na wasio na koti, mikono yote ile iliyopanda, naye akiwaambia tu, legea, legea, bila kujua anawaambia watue nini.

"Basi mimi nakipokea," alisema Bambo Kachingwe alipotafsiriwa. "Mayi, mimi ndiye niliyefungwa leo. Wewe linda jengo." Akampa kofia yake kwa mikono miwili.

Annonciata akaipokea, akaivaa juu ya kitambaa chake cha manjano, ikamwangukia hadi kwenye nyusi. Akasimama. Mlinzi akarudia mkao wake kando yake, safari hii akaongeza na kutetemesha kidevu. Mtu wa ofisini aliyepita akashangaa kwa nini Bambo Kachingwe amekamatwa na mama mwenye kitenge, na Bambo Kachingwe, bila kugeuza shingo, akamjibu kwa sauti ya kilio kwamba ameiba nsima, yaani ugali.

Hapo Annonciata akacheka. Kile kicheko cha Kadutu, kichwa nyuma, kinywa wazi. Mkono mmoja ulikuwa unazuia kofia isianguke, wa pili ulikuwa umemshika mlinzi bega ili yeye mwenyewe asianguke, kwa hiyo hapakuwa na mkono wa kufunika mdomo wala wa kushika kibao. Narcisse alipiga, akapiga, akapiga.

Kutoka hapo walikwenda mtaa wa Kawale, kwa Rodrigue, Mkongomani aliyekuwa na kompyuta na mtandao nyuma ya duka la vitambaa. Rodrigue alikuwa fundi wa kusafisha picha. Alikuwa akiwatoa watu chunusi, akiwapunguza matumbo, akiwang'arisha ngozi, akiwahamisha kutoka Kawale hadi Paris. Akaifungua picha ikajaa kioo kizima, na Annonciata akasogea karibu. Kwenye kamera alikuwa ameona kicheko tu. Hapa aliona pengo, jeusi, kubwa kama mlango.

"Usihofu, Mama," alisema Rodrigue. "Dakika mbili."

Akachukua jino la kulia, akalinakili, akaligeuza, akalipachika kushoto. Akaulainisha uso. Akaung'arisha. Kisha akauliza kama amkate yule mlinzi, kwa sababu anaharibu.

Annonciata alimtazama yule mwanamke kwenye kioo. Alikuwa mzuri kweli. Meno yamepangana, ngozi ya mtangazaji wa televisheni. Alitamani kumtuma huyo. Tusimlaumu, nani asingetamani? Miaka yote ile ya kiganja mdomoni, na hapa kuna mtu anamrudishia jino bila hata ganzi. Angemtuma kwa mama yake, na kwa dada zake wa kanisa, na angemtundika juu ya cherehani yake mwenyewe.

Lakini kadiri alivyomtazama ndivyo alivyomwona mama yake akimtazama pia, kwa yale macho yake ya kukagua mchele. Mama Ernestine alikuwa tayari ameambiwa mengi asiyoyaamini. Alikuwa amekataa hata sauti ya mwanawe. Je, hatauliza, mwanamke wa miaka arobaini na nane, mkimbizi, anapata wapi meno ya msichana? Atasema: wameniletea mtu mwingine.

"Toa," alisema.

"Nitoe mlinzi?"

"Toa jino. Na ile rangi, toa. Rudisha vile nilikuwa."

"Mama Merveille," Narcisse akanong'ona, "hakuna mbaya kujipendezesha kidogo."

"Najua. Siku ya ndoa ya Merveille utanipendezesha mpaka bantu baniulize jina. Lakini hii ni ya Mama. Mama anataka kuniona mi."

Rodrigue akarudisha. Pengo likarudi mahali pake. Mlinzi naye akamwacha, kwa sababu Annonciata alisema bila yeye hakuna kicheko, na bila mlinzi nani atajua kofia ni ya nani. Wakaituma Bukavu. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo taratibu mno, na Annonciata akausindikiza kwa midomo hadi ulipofika mwisho.

Ijumaa kimya. Jumamosi kimya, umeme ulikuwa umekatika Kadutu, Bienvenu alisema kwa ujumbe, hakuna pa kuchapisha. Jumapili Annonciata alikwenda kanisani asisikie hata mahubiri yalihusu nini. Jumatatu alishona mkono wa shati kichwachini, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu ajifunze kazi, na alikuwa anaufumua simu ilipolia.

"Tantine, ngoja," alisema Bienvenu. "Koko anataka kusema."

Kikohozi. Kisha pumzi. Annonciata akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Nonsi."

"Mama."

"Na wee, bado unachekaga vile? Mbele ya bantu? Sikukuambiaka ufunge kinywa? Bantu batahesabu meno yako!"

Ilikuwa sauti ile ile ya Kadutu, ya kufokea, isiyokuwa na huruma hata chembe. Hakuna anayemfokea hivyo mtu aliyefungwa.

"Na huyu mwanaume iko karibu yako," aliendelea mama yake, "maskini ya Mungu. Alifanya nini?"

"Hakufanya kitu, Mama. Alikuwa anacheza tu. Ni mlinzi, ile kofia ni yake."

"Bote banasemaga hawakufanya kitu. Ona vile amesimama. Nitamuombea." Akakohoa, akapumua. "Wewe, sikuombei tena. Wewe umenenepa."

Annonciata akacheka na kulia kwa pamoja, kiganja mdomoni. Merveille alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, hakuthubutu kuitua. "Mama," Annonciata aliuliza, "unalala wapi siku hizi?"

"Usinitoroke na maneno ya kulala. Mi nimechukua miwani ya Bienvenu, nimehesabu. Ya juu, mukono ya kushoto. Moja haiko. Iliendaga wapi?"

Miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kila aliyemjua sasa alimkuta nalo hilo pengo. Hata Merveille hakumkumbuka mama mwenye meno yote. Ni mtu mmoja tu duniani aliyejua idadi kamili, na alikuwa anadai hesabu yake.

"Ilibakia Karonga, Mama," alisema. "Njiani. Lori ilifunga frein."

"Karonga ni wapi?"

"Ni mbali, Mama. Ni historia ndefu. Utachoka."

"Nichoke namna gani?" alisema Mama Ernestine. "Niko ku kitanda, nimejifunika vizuri. Anza ku mwanzo."

Annonciata akauondoa mkono mdomoni, akaanza.